Upindo wa Vidole Vinne

Kwanza niliona doa. Gauni la kuzikiwa la Fundi Koleta nililishona mimi mwenyewe, jeupe, mikono mirefu, vifungo vitatu vitatu penye kifundo. Asubuhi ya mazishi, kabla padri hajafika, niliinama juu ya jeneza ninyooshe mkono wa kulia wa gauni kwa sababu ulikuwa umejikunja. Hapo nikaona doa jeusi, ukubwa wa kidole gumba. Nikadhani ni masizi ya mshumaa. Nikalisugua kwa leso, likaenea. Ndipo nikamfungua vidole, kimoja kimoja, maana vilikuwa vimekaza, na ndani ya kiganja nikakuta kipande cha makaa.

Nyinyi wasichana wa atelye, wa chumba chetu cha kushonea, mmezaliwa juzi, labda hamjui maana yake. Zamani, mtu akifa bila kuzaa, walimzika na kipande cha makaa. Maana yake moto wake umezimika, hakuacha kitu, aende na asirudi kudai walio hai. Siku hizi watu wanasema mambo hayo yalikwisha. Mimi niliyashika kwa mkono wangu.

Kabla sijasema neno, Evarisiti alinishika kifundo cha mkono. Evarisiti ni mdogo wake Fundi Koleta, tumbo moja, mtu wa suti na kalamu mfukoni.

"Spesioza, rudisha."

"Kaka Evarisiti, nani ameweka hii?"

"Rudisha, nimekwambia. Ni desturi. Hakuzaa."

"Na padri akiona?"

"Padri hafungui vidole vya maiti. Anayefungua ni wewe." Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya watu waliokuwa nyuma yetu. Akashusha sauti. "Ama unakitaka wewe? Subiri, cha kwako pia kitakuja."

Shangazi yao, bibi Belansila, alikuwa amekaa penye kichwa cha jeneza na rozari yake. Yeye hakushtuka hata kidogo, ndiyo nikajua walipanga pamoja. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, usilete maneno mbele ya watu. Akienda mikono mitupu atakuja kusumbua watoto wa ndugu yake. Weka tu, yaishe."

Nami nikaweka. Niliufunga mkono wake tena juu ya yale makaa, nikavuta gauni kufunika doa, nikasimama pembeni. Jeneza likafungwa.

Nimeanza na hilo ili msije mkasema niliwaficha. Sasa nirudi nyuma, kwa sababu mwenzenu Divina ameniomba niandike. Mwezi uliopita nilimwachia cherehani yangu. Macho yamekataa tundu la sindano na bega la kulia halipandi tena. Sijawa bikizee, lakini cherehani ya mguu haiulizi miaka. Divina akaniambia, "Mama Spesi, andika namna kazi ilivyokuwa, sisi tutasahau." Nilisoma madarasa matatu tu, Buyenzi, kule Bujumbura tulikokulia wakimbizi. Msinicheke herufi.

Nilikuja Kigali na mume wangu Gaspari, wakati watu wetu walipokuwa wanarudi kutoka ukimbizini. Mimba yangu ya kwanza ilifika miezi tisa tukikaa kwa mama yake, Venansia. Uchungu uliponishika, Venansia akafunga mlango, akasema wanawake wa nyumba yake hawazalii hospitali, hawajawahi, wala hawataanza na mimi. Siku tatu. Gaspari alikuwa amekaa nje anasikiliza redio, nilikuwa naisikia. Siku ya nne majirani waliingia kwa nguvu wakanibeba. Mtoto alikuwa amekwisha kufa, na mimi walinitoa kizazi ili nibaki. Nikabaki. Naandika majina yao kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza kitu: Gaspari na Venansia. Miezi sita baadaye Gaspari aliniwekea sanduku langu mlangoni. Alilifunga vizuri, hilo simkatalii.

Nikashuka nalo mtaa wa Nyakabanda nikitafuta chumba kwa mtu ninayemjua. Mshikio wa sanduku ukakatika mbele ya atelye ndogo iliyokuwa na cherehani nne na mlango wa buluu. Mwanamke mrefu, mwembamba, mita ya kupimia shingoni, akatoka kunitazama nikihangaika chini.

"Mshikio unashonwa," akasema. "Weye unajua kupuliza pasi?"

"Ninajua."

Sikuwa najua. Ndivyo nilivyoajiriwa na Fundi Koleta.

Wakati ule umeme ulikuwa unakuja ukipenda, kwa hiyo tulipiga pasi ya makaa, ile nzito yenye jogoo kwenye mfuniko. Kazi yangu ya siku ya kwanza ilikuwa kuipuliza iwe nyekundu ndani. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote ili aone mimi ni mfanyakazi. Chembe ya makaa ikaruka ikatua kwenye shati jeupe la mtoto wa shule. Nikakimbilia kuisugua. Fundi Koleta akanipiga mkono, si sana.

"Usisugue! Makaa hayasuguliwi. Ukisugua unayaingiza ndani. Yanapulizwa, yanakung'utwa, ndiyo unagusa kitambaa."

Hilo lilikuwa somo lake la kwanza kwangu. Siku ya mazishi nililisahau mbele yake.

Yeye pia hakuwa na mtoto. Mtaani kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Kadogo, Mama Aisha. Yeye hawakujua wamwite mama nani, basi wakamwita Fundi. Wengine walidhani ni heshima. Alijua si heshima, akalichukua hivyo hivyo, akalifanya liwe heshima. Kuna mteja mmoja alileta kijana wake kupimwa, akaanza kumwelekeza: "Fundi, acha nafasi hapa kifuani. Mtu asiyezaa hawezi kujua mtoto anavyonenepa."

Fundi Koleta hakuinua hata macho kwenye mita. "Mtoto wako bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia," akamwambia. "Tangu azaliwe hujaona?"

Mama yule akamgeuza mwanawe akamtazama. Limeshuka kweli. Tulicheka mpaka akaondoka, na kijana akashonewa shati lililomkaa sawasawa.

Sasa niseme habari ya upindo, maana ndiyo kazi yenyewe. Sisi tulikuwa tunashona sare: gauni za buluu za wasichana, kaki za wavulana. Atelye nyingi zinaacha upindo wa vidole viwili, nguo inaonekana safi, kitambaa hakipotei. Fundi Koleta aliacha vinne. Mtoto akirefuka, mzazi analeta nguo, tunafumua, tunashusha kidole kimoja au viwili, tunapitisha siki na pasi ya moto kwenye mstari wa zamani ili watoto wenzake wasimcheke. Gauni moja, miaka mitatu. Hakulipisha kushusha. Alikuwa na mfano wake wa kufundishia, kaptula ndogo ya kaki iliyopauka, imetundikwa kwenye msumari juu ya cherehani yake. Ilikuwa na mistari minne ya kushushwa, mmoja juu ya mwingine. Kila mwanafunzi alipewa aishike. "Hii ilivaliwa miaka minne," alikuwa anasema. Nani aliivaa, hakusema.

Mnajua kosa langu kubwa la kazini? Halikuwa la kutojua. Mwaka wangu wa pili, kabla shule hazijafunguliwa, alinipa gauni arobaini nimalizie pindo peke yangu. Nikapima, nikakata, nikashona upindo wa kidole kimoja. Arobaini zote. Nilimwambia kitambaa hakikutosha.

Akachukua gauni la juu, akaligeuza ndani nje. "Spesi, iko namna gani hii?"

"Ni upindo, Fundi."

"Huu ni upindo ama ni mdomo umefinywa?" Wenzangu wakacheka. Akawatuma wote nje wakanywe chai. Tukabaki wawili. "Vitambaa nilivikata mimi. Vilitosha. Mbali na uvivu, maana mvivu si wewe, niambie ni kitu gani."

Nikaokota uzi sakafuni. Akavuta kigoda akakaa karibu yangu, magoti yetu yakagusana.

"Huyu mtoto mwaka kesho atavaa nini?"

"Sijui."

"Unajua."

Ndipo nikalia. Nilimwambia ukweli ambao sikuwa nimejiambia hata mimi: kila nilipopima vile vidole vinne nilikuwa naona mtoto wa mtu anakua, mwaka huu, mwaka ule, na wa kwangu yuko chini ya ardhi na urefu wake uleule. Nilikata upindo kwa sababu sikutaka wakue. Ni vibaya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Fundi Koleta hakunikumbatia. Aliniambia, "Ihangane," neno letu la pole, mara moja tu. Halafu akaniletea vile vipande nilivyokata, akaniambia niviunganishe kwa ndani, gauni arobaini, mshono usionekane. Ilinichukua wiki. Kila gauni nililomaliza alilitia vidole vyake vinne kupima. La mwisho alipolipima akasema, "Sasa umeshona." Mpaka leo sijasikia sifa nyingine iliyonikaa hivyo.

Watu wa kanisani walikuwa wanapenda kumfariji. Wanakuja dukani wanamwambia, Fundi, usihuzunike, hawa wasichana unaowafundisha ndio watoto wako. Siku moja, walipoondoka, nikamwambia mimi nakubaliana nao.

"Usinifanye mama yako," akasema. "Mama yako alikuzaa, alikwenda, Mungu amrehemu. Mimi ni fundi wako. Kwani ufundi hautoshi?"

"Unatosha, lakini..."

"Lakini nini? Wanataka niazime watoto ili waweze kunihesabu. Mimi asubuhi naamka najua kuna mtoto Nyakabanda anasimama mstarini shuleni na nguo haimbani. Simjui jina. Hajui langu. Hicho kinanitosha kuamka. Siku kisiponitosha nitawaambia."

Nilifikiri anajikaza tu. Ilinichukua miaka kuona kwamba hajikazi. Na sikuona kwa kufikiri, niliona siku Gaspari alipoingia.

Aliingia na msichana wa miaka saba hivi, ameshika mkono wake. Mke wake mpya hakuwepo. Nadhani hakujua kwamba ninafanya kazi pale, maana alisimama mlangoni kama mtu aliyekanyaga maji. Fundi Koleta alikuwa anamjua kwa maelezo yangu tu, akaniangalia, akaelewa. Angeweza kumpima mtoto yeye mwenyewe. Badala yake akavua mita shingoni, akanipa.

Nikapiga magoti mbele ya mtoto. Alikuwa na masikio ya Venansia.

"Mama fundi, nitakua mrefu?" akaniuliza.

"Miguu yako inasema ndiyo."

"Kama baba?"

"Zaidi."

Gaspari alitazama ukutani, kile kikaptula, kama ni kalenda. Lile gauni nililishona mwenyewe, na upindo wake nilipima mara tatu. Nikaacha vidole vitano. Sikumsamehe Gaspari. Bado sijamsamehe, na kama anasoma hapa ajue. Lakini mtoto yule alirudi miaka minne mfululizo, tukishusha, na mara ya mwisho, kitambaa cha kushusha kilipokwisha, nilisikia kitu kifuani ambacho sikuwa nimekisikia tangu Venansia afunge mlango. Sijui kukiita. Nilirudi kwenye cherehani nikaendelea na kazi, na kazi ilikuwa tamu.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Pasi ya umeme ilikuja. Atelye ikahama mlango mmoja juu, na huo nao tukaupaka buluu. Vitambaa vikawa vyepesi zaidi, tukabadilisha sindano. Fundi Koleta alizeeka, akawa anakaa kwenye kiti akikagua pindo kwa vidole bila kutazama. Mwaka juzi akaanza kukonda. Mimi nilimuogesha, nilimlisha uji, nilikaa naye. Evarisiti alikuja mara mbili. Mara ya pili alisimama mlangoni, akasema chumba kina harufu.

Alipoondoka, Fundi Koleta akaniambia nimletee ile kaptula kutoka kwenye msumari. Akailaza kifuani.

"Ni yake," akasema.

"Ya nani, Fundi?"

"Ya Evarisiti. Wazazi walipokufa alikuwa hajaota meno. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Wakaja wanaume wawili kunioa, mmoja baada ya mwingine, wote wakasema wanichukue mimi, kitoto kibaki kwa shangazi Belansila. Shangazi akasema hana nafasi." Akapumzika. "Alipofika umri wa shule nikanunua kaki. Kaptula moja. Nikasema, hii lazima ifike mbali, basi nikakunja vidole vinne. Ndiyo nilivyojifunza upindo. Hakuna aliyenifundisha."

"Na yeye anajua umeitunza?"

"Ya nini ajue? Ilimfikisha."

Nikamuuliza kama anajuta. Hakuwa mtu wa kujibu haraka ili kukufurahisha.

"Wale wanaume, hapana. Mtoto wangu mwenyewe, siku nyingine ndiyo. Nikisema hapana nitakuwa nakudanganya. Lakini Spesi, siku haikuwahi kunikuta sina la kufanya lililomfaa mtu. Irudishe kwenye msumari, wasichana wanaihitaji."

Alikufa wiki hiyo, mchana, mvua ikinyesha juu ya bati, na mimi nikaanza kukata gauni jeupe.

Sasa mnajua nilichokuwa nakijua nilipokuwa nimesimama penye jeneza. Nilijua mbele yangu yuko mtu aliyevaa kaptula ile miaka minne. Nilijua shangazi yule ndiye aliyesema hana nafasi. Wote wawili wamesimama hapo wanasema hakuacha kitu, na ushahidi uko juu ya msumari, mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Nami nikafunga vidole vyake juu ya makaa. Niliogopa nini? Niliogopa aliloniambia, kwamba cha kwangu kitakuja. Miaka yote hiyo kwenye kazi, na kumbe neno moja la mtu wa suti liliweza kunirudisha nyuma ya mlango wa Venansia.

Kaburini Evarisiti alitoa hotuba. Alisema dada yake alikuwa mtu wa sala, mtu mpole, na kwamba ni huzuni jina lake linaishia pale. Mbele yake walikuwa wamesimama watu ambao sikuwajua nusu yao, wanaume wenye ndevu, wanawake wenye watoto mgongoni. Nilifikiri ni watu wa parokia. Tulipokuwa tunarudi, dereva mmoja wa pikipiki, jitu zima, aliniambia, "Mama fundi, alinishushia kaki mpaka darasa la tano. Nimezima pikipiki tangu asubuhi."

Niliwahi kumfuata Evarisiti. Nilimkuta kwenye baa moja mtaa wa Gisimenti, amekaa na wenzake, nyama ya mbuzi mezani. Nikamwomba tuzungumze pembeni. Akasema hana siri na rafiki zake. Nikamuuliza basi hapohapo kwa nini alitia makaa mkononi mwa aliyemlea. Wenzake wakaacha kutafuna. Akacheka, akasema, "Mambo ya wanawake na maiti, mimi siyajui. Huyu mama ni mgonjwa kidogo, hana watoto, mmsamehe." Nikarudi kwa miguu mpaka Nyakabanda.

Wasichana, kwenu nina mambo mawili tu. Upindo ni vidole vinne, hata mteja akisema viwili, hata bosi akisema kitambaa kinapotea. Na siku yangu ikifika, kabla hawajafunika, mmoja wenu anifungue vidole aangalie. Akikuta makaa ayatoe, ayatupe mbele ya watu, asinyamaze kama mimi. Divina, nakutaja jina kwa sababu una mdomo.

Kwako Belansila, wewe ni mzee, utajibu kwingine, kwa Mungu, na si siku nyingi.

Kwako Evarisiti, nakala ya karatasi hizi nimempa kijana wako mkubwa mkononi, amesema atakusomea. Kaptula bado iko kwenye msumari, mlango wa buluu, unaijua njia. Njoo mchana wakati wasichana wote wako kazini. Uishike. Utie kidole chako kwenye kila mstari, iko minne. Halafu utuambie mbele ya watu, kwa sauti ile ya kaburini, nani alikushushia. Mimi nimekaa mlangoni, sina kazi tena, ninasubiri. Jibu.